Poda Juu ya Samli

Mabinti wa saluni za Matisi, Kitale, nawapenda lakini mnanichekesha. Juzi mjukuu wangu alinipeleka pale kwenu, nikaketishwa kwenye kiti kinachozunguka, nikamtazama bibi harusi akipambwa. Msichana aliyekuwa akimpamba alichovya brashi kubwa kama ya kupakia chokaa, akaifyagia poda usoni mwa mtu, fyu, fyu, akasema tayari. Saa sita mchana nilimwona bibi harusi huyo nje ya kanisa. Paji la uso lilikuwa linang'aa kama sufuria mpya, na chini ya macho poda ilikuwa imejikusanya kwenye mikunjo hata akaonekana mkubwa kuliko mama yake. Nikamwambia mjukuu wangu, hawa watoto wana vitu vingi, ila hawana mikono.

Mimi nilipaka watu poda tangu enzi za Mzungu, Kitale na Bungoma, mpaka vidole vyenyewe vikaomba likizo. Kwa hivyo kaeni niwaseme kidogo. Nitawaeleza jinsi ya kuchagua poda na jinsi ya kuikalisha usoni ikakaa. Tena nitawasimulia habari za Nasimiyu, ambaye harusi yake ilitaka kuvunjika mlangoni, na poda ndiyo iliyoleta balaa. Haikuharibika. Ilikaa vizuri kupita kiasi. Chekeni mkitaka, lakini mkimaliza mkaoshe zile brashi zenu, zinanuka.

Kazi niliianza na ufagio. Kitale kulikuwa na studio ya picha ya Mhindi mmoja, Bwana Jivan, mtu mwembamba mwenye hasira za karibu. Nilikuwa nafagia na kupanga viti. Taa zake zilikuwa kali na zenye joto, mteja akikaa chini yake kidogo tu uso unatoka mafuta, na kwenye picha paji linatokea jeupe kama limechomwa tundu. Siku moja Bwana Jivan alichoka. Akanitupia kopo la poda.

"Wewe! Paka hii. Uso yake napiga taa, picha naharibika. Paka yote!"

Kopo lile lilinunuliwa kwa ajili ya mabibi wa Kizungu waliokuja na kofia zao. Poda yake ilikuwa ya waridi, rangi ya nguruwe mchanga. Mimi nilikuwa na amri ya kupaka, basi nikapaka. Nilipaka makarani, nikapaka wapishi, nikapaka maharusi na mashahidi wao, wote kwa kopo moja. Walitoka kwenye picha kama watu waliokesha ndani ya kinu cha kusagia mahindi. Na mnajua nini? Walifurahi! Walidhani karatasi imewapandisha cheo. Nyapara mmoja wa shamba la Mzungu alijitazama kwenye kioo, akaniambia, "Ongeza, dada. Si bado naonekana?" Nikaongeza. Picha akaituma kwao Chwele, mama yake alipoishika akapiga nduru mpaka majirani wakaja na viti, kwa maana alidhani mwanawe amefariki na ile ni picha ya maiti. Nyapara alifika kwao siku ya soko akakuta matanga yake yanaendelea, watu wanakula.

Kulikuwa pia na katekista mmoja aliyekuja kupigwa picha na Biblia yake. Nilipomkaribia na poda alinirudisha nyuma kwa kidole, akanihubiria juu ya Yezebeli, kisha akawahubiria na wengine waliokuwa wakingoja foleni. Picha yake ilitoka. Biblia ilionekana vizuri sana, lakini paji lilimeremeta hata macho hayakuonekana. Kesho yake alirudi kwa mlango wa nyuma, akakohoa, akasema, "Naona leo kuna joto joto. Kama ile dawa yako iko karibu, weka kidogo, lakini isiwe ya urembo." Nikamwekea isiyo ya urembo. Ilitoka kwenye kopo lile lile.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa Bi Zubeda, mama wa Kinubi aliyekaa nyuma ya soko la Kitale, mpambaji wa maharusi. Alimleta bibi harusi studio, akanikuta nasugua poda kwenye shavu la mteja. Alinipiga kofi la mkono, pa!

"Binti, huo ni uso au ni sufuria ya ugali?"

Tangu siku hiyo kila nikitoka kazini nilipitia kwake. Bi Zubeda hakuwa na huruma na mtu yeyote. Alikuwa akimwambia bibi harusi mwenye pua kubwa, "Hiyo pua tutaiacha, maana ndiyo iliyofika kwanza." Lakini mikono yake ilikuwa ya ajabu, uso ukishikwa na mikono ile alfajiri, jioni ungeukuta vile vile.

Sikilizeni basi alivyonifunza kununua. Poda usiijaribu mgongoni mwa mkono, mkono haufanani na uso wako, mkono umelima. Ijaribu kwenye taya, halafu utoke nje ya duka ukasimame juani na mwenzako akutazame. Mwenye duka atasema ndani kuna mwanga wa kutosha. Mwache aseme. Sugua kidogo kati ya vidole viwili. Ikikwaruza ni chaki na udongo. Inyunyize juu ya maji kwenye kikombe, na ikizama mara moja maji yakawa kama maziwa, hiyo ukijipaka itazama vivyo hivyo kwenye jasho. Na ikinukia sana kuliko ua lenyewe, jiulize inaficha nini. Watu ni hivyo hivyo, lakini leo nazungumzia poda.

Sasa rangi. Rangi yetu haikuletwa na meli yoyote. Waliotengeneza makopo yale hawakutuwaza hata kidogo, na duka likikupa poda ya waridi ni juu yako kuigeuza. Bi Zubeda alikuwa anachanganya na kakao, ile chungu ya kupikia, anachekecha kwa soksi ndefu ya hariri iliyotupwa na bibi wa Kizungu. Anachekecha tena na tena mpaka haionekani ikianguka. Kila mteja alichanganyiwa yake. Mtu mweusi kama mimi anapata kakao nyingi, mtu wa maji ya kunde anapata kidogo. Siri hii ilitoka, kama siri zote za Kitale. Kuna msichana wa Chwele aliyesikia "kakao" akaenda dukani akanunua chokoleti ya kunywa, ile iliyokwisha kutiwa sukari. Akampaka dada yake. Nasikia mpaka kwenye nyimbo mambo yalikuwa mazuri. Jasho lilipoanza, nyuki wa mzinga wa kanisa wakaja kumsalimia bibi harusi, na kasisi akafungisha ndoa kutoka mbali, akipaza sauti.

Wanaume walituchekelea sana. Mume wangu, baba yake Wekesa, alikuwa akisema poda ni ujinga wa wanawake. Nikamwuliza, "Wewe siku ya kutahiriwa hukupakwa matope ya mto mwili mzima na juu ya kichwa ukawekewa nyasi? Na si ulirudi nyumbani ukitembea katikati ya barabara ili kila mtu akuone?" Akasema ile ni mila. Nikamwambia na hii ni mila, ila yetu tunachekecha.

Haya, sasa tufike kwenye samli. Kwetu Bungoma siku zile, binti akiondoka kwa baba yake, aliyempaka samli alfajiri ni senge, yaani shangazi yake wa upande wa baba. Alimpaka kuanzia utosini hadi nyayo, kwa mikono yake, akitamka baraka. Ilikuwa mwiko kuifuta samli hiyo kabla ya kufika kwa mume. Ukiifuta umefuta baraka. Kanisa lilipoleta gauni jeupe na picha, kina senge hawakuacha samli yao, na wasichana wa shule hawakuacha poda yao. Aliyebanwa katikati ni mpambaji.

Poda juu ya samli mbichi hugeuka uji wa wimbi. Mpambaji mmoja wa upande wa Webuye, ambayo wakati huo iliitwa kwa jina la Mzungu, alijiona mjanja akamwosha bibi harusi uso kwa sabuni kisirisiri, kisha akampaka poda. Senge akaja kugusa shavu, akalikuta kavu. Alileta kibuyu akaanza upya, juu ya poda, juu ya shela, juu ya maua ya karatasi. Msichana aliingia kanisani akiteleza.

Dawa ya Bi Zubeda ilikuwa hii. Samli ikishapakwa, iache ngozi inywe. Kisha chukua karatasi ya kaki ya kufungia sukari na ubonyeze, usifute. Kinachokwenda na karatasi ni ziada, baraka zimebaki ndani, na senge akikutazama hana la kusema. Weka poda kwa pedi ya pamba, kidogo sana, kwa kubonyeza na kubingirisha, kufuata vinyweleo vya uso vinakoelekea. Ngoja. Imba wimbo mmoja wa kanisa mpaka mwisho, na beti zote, msiruke. Bonyeza tena kidogo. Kisha loweka kitambaa, kikamue kwa nguvu kiwe na unyevu tu, kiweke juu ya uso kama unafunika mkate, ukiondoe. Hapo poda inashikana na ngozi kama imezaliwa nayo. Chini ya macho weka mwisho, bibi harusi akitazama juu. Uso ulioandaliwa hivyo ukiumwagia maji yanakimbia kama kwenye jani la nduma.

Nasimiyu alikuwa wa boma moja si mbali na Bungoma mjini. Mama yake alifariki yeye akiwa msichana, akaachiwa wadogo zake, na wa mwisho, Nafula, hakumjua mama mwingine. Alimwita Nasimiyu mama, mbele ya watu na mbele ya baba yao. Mchumba alikuwa fundi seremala wa Kitale, kijana mtulivu, sina neno juu yake. Niliitwa kumpamba kwa sababu harusi ingeanzia Bungoma na kumalizikia Kitale, na katikati kulikuwa na safari ya lori na vumbi.

Senge wake aliitwa Anjelina. Mdomo wa Anjelina ulijulikana mpaka soko la Chwele. Alimpaka mtoto samli kwa upendo, hilo nalisema wazi, mpaka kati ya vidole vya miguu. Aliponiona nafungua kopo langu akakunja mikono.

"Lete hiyo unga yako, Mama Wekesa. Leo tuone kama itashinda ng'ombe."

Nikafanya kazi. Sijui kama niliwahi kufanya nyingine nzuri hivyo. Nasimiyu alikuwa na macho mekundu kidogo, nikadhani ni moshi wa jikoni. Nilipomaliza hata Anjelina alizunguka mara mbili, akakosa la kutukana, akaenda kutafuta uzi na sindano ambazo hakuna aliyezihitaji.

Sasa mila nyingine, na hii ndiyo ilituponza. Binti akitoka mlangoni kwa baba yake lazima alie, na alie machozi ya kuonekana. Wanawake walikuwa wanasogea kumtazama uso, na siku zile za poda walikuwa wamepata kipimo kizuri zaidi, kwa maana machozi yalichora mistari miwili kwenye poda, kila mtu akaiona, roho zikatulia. Asiyelia aliambiwa hana moyo wa nyumbani, ametamani kuondoka zamani. Jina hilo lingemfuata mpaka kwa watoto wake. Na senge ndiye aliyemshika mkono kumtoa. Senge akikataa, hakuna anayetoka.

Nyimbo zikaanza. Nasimiyu akasimama mlangoni, Nafula ameng'ang'ania gauni. Wanawake wakasogea, wakatazama. Uso ulikuwa laini kama yai, hauna hata mkwaruzo. Wakatazamana. Wimbo ukapungua, ukabaki na sauti mbili, kisha hakuna. Senge Anjelina akauachia mkono wa Nasimiyu.

"Halusi gani hii? Mtoto ya marehemu anatoka kwa nyumba ya baba yake kama anaenda soko! Ata tone moja hakuna!"

"Senge, analia," nikasema. "Ni poda, haionyeshi."

"Ati poda ndiyo inalia? Basi aolewe poda." Watu wakacheka. "Mimi siwezi kumshika huyu. Aende na miguu yake, bila mimi."

Baba yake alikuwa anatazama chini. Barabarani lori la kina bwana harusi lilipiga honi. Mimi nilisogea, na ndipo nikaona. Maji yalikuwa yanatoka machoni mwa Nasimiyu mfululizo, yanateremka juu ya poda yangu bila kuacha alama, yanadondoka kidevuni na kuingia kwenye gauni. Kola yote ilikuwa imelowa. Wanawake wote wale, na macho yao makali, hakuna aliyetazama kola.

Mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi akaninong'oneza, "Mama Wekesa, weka mate kwa kidole umchoree mistari mbili, bana, twende. Barabara ni mbaya." Na mimi, kwa ajili ya lori lile na honi ile, nililamba kidole. Mtu alikuwa analia mbele yangu na mimi nilikuwa tayari kumghushia machozi.

Nasimiyu aliusukuma mkono wangu. Alivuta leso begani mwa senge yake, akaifunga ngumini, akajifuta uso mzima kwa nguvu, poda, samli, baraka na kila kitu. Wanawake wakashika midomo. Kuna mmoja alikaa chini kabisa kwenye majani. Nasimiyu akashusha leso, na uso wake halisi ukatokea. Kope zilikuwa zimevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Mashavu yalikuwa mekundu ya kusuguliwa na machozi ya zamani kuliko ya asubuhi ile.

"Senge, angalia. Nimelia tangu juzi. Nani atampikia huyu?" Aliweka mkono juu ya kichwa cha Nafula. "Nyinyi mnaangalia unga."

Anjelina alimtazama, akamtazama na Nafula. Kisha akalia. Hakulia kwa adabu, alilia kwa pua na kwa mabega, akamkumbatia Nasimiyu na kumlowesha upya. Alimwambia, "Huyu Nafula atakuja kwangu. Atalala na mimi. Sikia mimi, Nasimiyu, atalala na mimi." Wanawake wakaanza wimbo tena bila kuambiwa, na wengi walikuwa wanalia kwa ajili ya mama zao wenyewe.

Ilipotulia, Nasimiyu alinigeukia. Nilidhani atanitukana na ningemwachia.

"Mama Wekesa, nipake tena," akasema. "Hapa nimelia, imetosha. Kitale wasijue."

Nikamtazama senge, kwa kuwa samli ilikuwa imefutwa na mwiko ulikuwa umevunjwa mbele ya ukoo mzima. Anjelina alikwisha kuinuka kuleta kibuyu. Akampaka upya, uso tu, akitamka baraka zile zile kwa sauti iliyokwaruza. Kisha akanyoosha mkono kwangu. "Lete karatasi." Alibonyeza mwenyewe, hakufuta, akifuata nilivyofanya alfajiri, na mimi nikaweka poda nyuma yake. Tuliimba ule wimbo wa kungojea, na beti zote. Lori likapiga honi tukaliacha lipige.

Njiani nilimfunika uso kwa leso nyepesi isiyogusa ngozi, nimeishika pembe mbili kutoka Bungoma mpaka Kitale, mikono ikafa ganzi. Msije mkaniambia brashi zenu zimewachosha.

Mama mkwe alitungoja mlangoni na wanawake wake. Ilikuwa saa ya jua la utosi na hakuna uso mwingine ndani ya lori uliobaki na rangi yake, sote tulikuwa wekundu wa vumbi. Nikaondoa leso. Mama mkwe akamshika Nasimiyu kidevu, akamgeuza kulia na kushoto, kwa upole lakini kwa makini, kama mtu anayechagua.

"Uso umenyooka," akasema. "Kwani huyu hakulia kwao?"

Senge Anjelina alikuwa bado anashuka, macho mekundu, pua imevimba, leso yake ina madoa ya poda ya kakao kila mahali.

"Huyu?" akasema. "Hajalia ata kidogo. Tulimbembeleza alie, akakataa. Alikuwa anataka nyinyi tu."

Mama mkwe akacheka kwa furaha, vigelegele vikapigwa. Nasimiyu alikuwa anatabasamu. Nikamsogelea haraka na karatasi yangu, nikabonyeza tone chini ya jicho la kushoto, nikawaambia watu wa Kitale ni vumbi la barabarani.